Kiki Saba Zilizomezana: Hotuba Kuhusu Kupanga Milio ya Ngoma Katika Kompyuta

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mjini Kampala mbele ya watayarishaji wa muziki, mafundi wa sauti na wapiga ngoma waliotoka pande mbalimbali za Uganda. Wengi walioshindwa kufika wameniomba hotuba nzima, nami nimeiandika kama nilivyoitoa, isipokuwa michoro iliyokuwa ukutani, ambayo nimeiacha.

Wazee wetu wapiga ngoma mlioketi safu ya mbele, ndugu watayarishaji, dada na kaka zangu mliosafiri usiku kucha kutoka Arua, Gulu na Kasese, nawasalimu na kuwashukuru kwa kuja. Tumekubaliana kuzungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha sote humu ndani, na kwa sababu mashine ninazotaka kuzieleza hazina kabila.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimepanga chumba kimoja Ndeeba, nyuma ya mabanda ya wauza mbao. Mchana misumeno ililia tangu asubuhi hadi jua lilipotua, kwa hiyo kazi yangu ilianza saa mbili usiku, mafundi wakiwa wamekwisha kuzima mashine na vumbi la mbao limetulia. Ukutani nilikuwa nimebandika trei za mayai, kama tulivyofanya wengi wetu, na wala hazikunisaidia lolote katika sauti nzito, kwa maana besi hupita kwenye karatasi ile kana kwamba haipo. Godoro kuukuu lililosimama kwenye kona ndilo lililokuwa na faida kidogo. Usiku mmoja kijana mwimbaji, aliyekuwa amenilipa nusu ya fedha, aliniambia kwamba anataka kiki inayogonga kifuani. Nasema kiki, wala msicheke. Najua neno hilo lina maana nyingine mitandaoni, lakini ngoma ya mguu ndivyo tunavyoiita studio, nami nitaiita hivyo leo.

Nilikuwa na flashi iliyojaa sampuli za kiki, yaani milio iliyorekodiwa tayari, nyingine nilizopewa na marafiki, nyingine hata sikumbuki zilikotoka. Nikachagua ya kwanza, ikanipendeza. Nikaona haina mpasuko wa kutosha, nikaongeza ya pili juu yake. Ya pili ikaonekana haina uzito, nikaongeza ya tatu. Ilipofika saa tisa usiku nilikuwa na kiki saba zilizorundikwa kwenye nota moja, nota ya 36, ile ambayo programu nyingi za ngoma huipa kiki. Kila moja nikiisikiliza peke yake ilikuwa nzuri. Zikipigwa pamoja zilitoa mlio wa mtu anayegonga katoni tupu la sabuni. Nikaongeza sauti; taa nyekundu ikawaka. Nikapunguza, taa ikazimika, na ngoma ikazimika nayo. Nikalala.

Asubuhi mimi na yule mwimbaji tulipanda taksi kwenda mjini, na kwa kuwa gari lilikuwa na spika nzuri tulimwomba dereva atuwekee wimbo wetu kutoka kwenye simu. Akausikiliza kwa utulivu mpaka Katwe, kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Ndugu zangu, ngoma mtaziweka lini?"

Ngoma tutaziweka lini! Nilikuwa nimeweka saba. Nawauliza ninyi mlioketi hapa: ngoma saba zilikwenda wapi?

Zilikwenda mahali pamoja, zote saba, na huko zikamezana.

Pigo la ngoma lina kichwa, kiwiliwili na mkia. Kichwa ni ule mpasuko wa mwanzo, wakati ngozi inapokutana na mkono, fimbo au nyundo ya mguu. Hudumu milisekunde chache tu, tuseme 5 hadi 10, lakini ndicho kinachomwambia msikilizaji kwamba ngoma imepigwa. Katika kiki, sehemu kubwa ya kichwa hicho utaikuta kati ya Hertz 2,000 na 5,000, yaani mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde. Kiwiliwili ni uzito wenyewe, ambao kwa kiki nyingi huwa kati ya Hertz 50 na 100. Mkia ni kile kinachobaki: mtetemo wa ngozi unaofifia, mwangwi wa chumba, au, katika kiki za mtindo wa mashine ya ngoma ya Roland TR-808 iliyotoka mwaka 1980, ile besi ndefu inayoendelea kuvuma baada ya pigo.

Sasa, kila moja ya zile kiki zangu saba ilikuja na kichwa chake, kiwiliwili chake na mkia wake. Nilikuwa nimeajiri madereva saba kwa taksi moja na sikuajiri kondakta hata mmoja. Nilipozipima baadaye niligundua kwamba moja ilivuma kwenye Hertz 52 na nyingine kwenye Hertz 55. Mtaniuliza, tofauti ya 3 ina madhara gani? Maana yake ni kwamba mawimbi ya milio hiyo miwili huungana na kupingana mara tatu katika kila sekunde. Na kwa kuwa kiki yenyewe haidumu hata nusu sekunde, sikio halitambui kwamba kuna kupingana, linasikia tu uzito unaoanza vizuri kisha unanyonywa. Hapo nimetaja mbili tu. Zidisha kwa saba.

Wazee mliopo hapa mnalijua jambo hili kuliko sisi wenye kompyuta. Je, kuna mtu aliyewahi kuhudhuria arusi Buganda ambako kikundi kilileta empuunyi saba, kikaacha nankasa na engalabi nyumbani? Empuunyi hushika mdundo mzito wa chini, hatua kwa hatua, bila haraka. Embuutu, ngoma kubwa, ndiyo inayozungumza na mchezaji. Nankasa ni ndogo, hupigwa kwa fimbo mbili, sauti yake iko juu. Engalabi ni ndefu, ngozi yake ni ya kenge, hupigwa kwa mikono, na mlio wake hukata hewa kama kisu. Ngoma nne, na hakuna hata moja inayokaa kwenye kiti cha mwenzake. Ikulu ya Kabaka ilikwenda mbali zaidi: entenga zilikuwa ngoma 15, na 12 kati yake zilitengenezwa kwa sauti maalumu, kila moja na nota yake, hata zikaweza kuimba wimbo. Mkusanyiko huo ulinyamazishwa jeshi liliposhambulia ikulu ya Mengo mwaka 1966, lakini mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa amekwisha kurekodi muziki wa ikulu mwaka 1950 na 1952, entenga zikiwemo. Tafuteni rekodi hizo mzisikilize kwa hedifoni. Ngoma 15, na unaweza kuzihesabu! Mimi nilikuwa na saba na dereva wa taksi hakuiona hata moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: kabla hujaongeza tabaka, yaani mlio mwingine juu ya mlio, liulize kazi yake. Ukiona halina jibu, liache kwenye flashi. Katika kiki, chagua sampuli moja tu kuwa mwenye besi, na hizo nyingine zote uzikate kwa kichujio chini ya Hertz 120 au 150, hata kama roho inakuuma kuutupa uzito wake. Chagua nyingine iwe kichwa, na mkia wake uufupishe mpaka zibaki milisekunde 30 hivi. Ukiisikiliza peke yake itaonekana kama mlio wa ukucha juu ya meza, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa sneya, ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini, mgawanyo hubadilika kidogo: kiwiliwili chake huwa karibu na Hertz 200, na ule mchakacho wa nyuzi za chini huanza kung'aa juu ya Hertz 5,000, kwa hiyo hapo unaweza kuweka mlio mmoja wa mbao na ngozi, na mwingine wa mchakacho mtupu.

Programu unayotumia haina uzito mkubwa katika hili. FL Studio, ambayo naona karibu kila mmoja wenu anayo, ina chaneli maalumu ya kuunganisha matabaka. Hydrogen hupatikana bure na inaruhusu kila ala kuwa na matabaka yake. Superior Drummer 3 ina sehemu ya kurundika milio juu ya ngoma zilizorekodiwa Ubelgiji kwa ustadi mkubwa, ila hazina yake yote inazidi gigabaiti 230, na sitaki kumwona mtu yeyote humu ndani akiuza pikipiki ili anunue bando. Kazi niliyoieleza inafanyika katika programu zote hizo.

Jambo la pili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na nitakaa nalo.

Mlio ni mwendo. Spika husukuma hewa mbele, kisha huivuta nyuma. Gari likikwama matopeni, watu wawili wakilisukuma kutoka nyuma litatoka. Mmoja akisukuma kutoka nyuma na mwingine kutoka mbele kwa nguvu sawa, watatoka jasho wao na gari litabaki pale pale. Milio miwili ikikutana ndani ya spika moja hufanya vivyo hivyo. Sikilizeni. Hii ni kiki moja. Sasa naweka nakala yake juu yake, zinaanza pamoja kabisa: mmesikia ilivyopanda? Hizo ni desibeli 6. Sasa nakala hiyo naigeuza wimbi, kwa kubonyeza kitufe kile chenye duara lililokatwa na mstari. Napiga tena.

Mmesikia nini?

Hamkusikia kitu, kwa sababu hakuna kitu. Chaneli zote mbili zinafanya kazi, mishale yote miwili inaruka, na ukumbi uko kimya. Ndugu zangu, mkikumbuka dakika moja tu ya siku ya leo, iwe hii, kwa kuwa katika studio zetu jambo hili hutokea kila siku nusu nusu, na kwa kuwa ni nusu hatulitambui. Tunasema sampuli ni mbovu. Tunasema spika ni mbovu. Tunaongeza tabaka la nane.

Mimi nilifundishwa somo hili na baba yangu mdogo, yule mzee mwenye kanzu aliyeketi karibu na mlango, ingawa yeye mwenyewe hakujua kwamba ananifundisha. Baada ya aibu ya taksi niliamua kwamba tabaka moja la wimbo ule litakuwa ngoma ya kweli, nikamwomba aje Ndeeba na engalabi yake, aliyoinunua Mpambire, kule kwenye barabara ya Masaka ambako mafundi hupanga ngoma kando ya njia. Akaja na basi, ngoma imefungwa kwenye kanga ya mama mdogo. Nikaweka maikrofoni moja juu, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye ngozi, na nyingine chini kwenye mdomo ulio wazi, kwa sababu nilitaka mpasuko kutoka juu na mngurumo kutoka chini. Akapiga. Maikrofoni ya juu peke yake: safi kabisa. Ya chini peke yake: nzito, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Zote mbili pamoja: engalabi iligeuka mkebe.

Nilibadilisha nyaya. Nilibadilisha maikrofoni. Nilimlaumu fundi aliyeniuzia vifaa, ambaye hakuwa na kosa lolote. Mzee alikunywa chai, akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, ngoma ni nzima. Nilipiga jana kwenye msiba."

Nikavuta picha ya wimbi ikawa kubwa kwenye skrini, na hapo nikaona. Mkono unapopiga ngozi, ngozi hushuka. Inaikimbia maikrofoni ya juu. Lakini hewa iliyo ndani ya ngoma inasukumwa chini, itoke mdomoni, iielekee maikrofoni ya chini. Kwa hiyo wimbi la juu lilianza kwa kushuka, na wimbi la chini likaanza kwa kupanda. Wasukuma gari wangu wawili walisimama pande mbili za gari. Nikabonyeza kile kitufe chenye duara kwenye chaneli ya chini, na engalabi ikarudi chumbani kana kwamba mzee ameanza kupiga upya.

Haikurudi yote, lakini. Ngoma ile ina urefu wa takriban mita moja, na sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, yaani mita moja huichukua karibu milisekunde 3. Tabaka la chini lilikuwa likichelewa kwa kiasi hicho. Milisekunde 3 ni kitu gani? Kwa mguu wa mchezaji si kitu. Kwa wimbi ni jambo kubwa, kwa maana ukiisha kuligeuza na kuliacha linachelewa hivyo, sauti iliyo karibu na Hertz 170 hukuta mwenzake yuko kinyume kabisa, nayo huuawa. Nikalisogeza wimbi la chini mbele kidogo kidogo, nikisikiliza kila hatua, mpaka mngurumo ukajaa. Tangu siku ile sijapanga milio miwili mizito bila kwanza kuvuta picha ya mawimbi yake na kutazama mwanzo wake.

Na sampuli za kununua au za kupakua hazisalimiki. Nyingine zina ukimya mdogo mwanzoni ambao jicho halioni mpaka uvute picha. Kwenye Hertz 60 mzunguko mmoja wa wimbi huchukua milisekunde 16.7, nusu yake ni 8.3. Kwa hiyo sampuli mbili zenye besi ya Hertz 60, moja ikiwa na ukimya wa milisekunde 8 mwanzoni, karibu zitamezana kabisa. Vichujio navyo, vile nilivyowaambia mvitumie, husogeza mawimbi yaliyo karibu na mahali pa kukata, kwa hiyo kagua mwanzo wa wimbi baada ya kuchuja, usikague kabla tu.

Naomba hapa niweke pembeni neno moja ili mtu asiondoke na sheria ngumu kuliko ilivyo. Kwa milio mizito, linganisha. Kwa makofi, usilinganishe. Kofi la watu wengi ni zuri kwa sababu mikono haikutani kwa wakati mmoja. Mashine ile ile ya TR-808 hutengeneza kofi lake kwa mipasuko kadhaa mifupi ya mchakacho inayofuatana upesi, kisha mkia. Yaani waliolibuni sanduku lile walilipanga kofi kwa matabaka ya wakati. Ukiwa na sampuli tatu za makofi, zitawanye, hii milisekunde 10 mbele, hii 15 nyuma, na utasikia umati. Na TR-909 ya mwaka 1983 ilikuwa na kiki na sneya zinazozalishwa na saketi, lakini matoazi na haihati zake, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, zilikuwa sauti zilizorekodiwa. Kuchanganya ngoma ya umeme na ngoma ya kweli si uvumbuzi wa kizazi chetu.

Nije kwenye jambo la tatu, ambalo nalipenda kuliko yote kwa sababu jibu lake lilikuwa hapa kwetu kabla ya kompyuta.

Nani anayesikiliza nyimbo zetu, na anasikilizia wapi? Anasikiliza kwenye simu, juu ya meza ya kinyozi, au mfukoni mwa kijana wa bodaboda. Spika ya simu ni ndogo kuliko kifuniko cha soda, na besi ya Hertz 55 haiwezi kuitoa hata ukiipigia magoti. Basi tufanyeje? Tuongeze besi? Tutaongeza kitu ambacho simu haikitoi, na tutakula nafasi yote ya wimbo.

Tazameni amadinda, marimba ya Buganda. Ina vipande 12 vya mbao, na hupigwa na watu watatu. Omunazi anaanza, omwawuzi anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya omunazi, na mwendo ni wa kasi kiasi kwamba mgeni hawezi kujua nani kapiga nini. Wa tatu ni omukoonezi. Yeye ana vipande viwili tu, vya juu kabisa, na kazi yake ni kusikiliza kila mara wenzake wanapogusa vipande viwili vya chini kabisa, kisha kuipiga nota hiyo hiyo mahali pake, oktava mbili juu. Hatungi wimbo mpya. Anazinyanyua nota nzito zilizofunikwa na kelele ya nyingine, azifikishe kwenye sikio.

Je, hilo si tabaka? Mimi nasema hilo ni tabaka katika maana yake halisi kuliko yote niliyosoma kwenye vitabu vya maelekezo ya programu. Kiki yako ikiwa na kiwiliwili kwenye Hertz 55, oktava moja juu ni 110, oktava mbili ni 220, na 220 spika ya simu inaweza kuibahatisha. Weka tabaka dogo hapo, lenye sauti ya chini, fupi, linalofuata kiki tu na lisilofuata kitu kingine. Unaweza kulipata kwa kunakili kiki na kuichafua kidogo ili itoe nota za juu yake, au kwa mlio mwingine uliotuniwa. Sikio, likisikia ndugu wa juu wa sauti wamekaa kwa mpangilio, huijaza lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Kwenye spika kubwa hutalitambua tabaka hilo. Kwenye simu ndilo litakalobeba ngoma nzima. Ila tafadhali, hakikisha kiki na wimbo vimekubaliana sauti. Hertz 55 ni A. Wimbo ukiwa na makazi kwenye nota inayogombana nayo, omukoonezi wako atakuwa anatangaza ugomvi.

Kuhusu nguvu ya pigo sitasema mengi, maana ninyi mnaopiga pedi kwa vidole mnaijua. Kila pigo katika programu hupewa namba kutoka 1 hadi 127, na wengi wetu huziacha zote zikiwa 127, au zote zikiwa 100. Baba mdogo, siku ile ile ya engalabi, alisikiliza biti niliyokuwa nimeipanga, akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Huyu mpigaji wenu hachoki?" Sikuwa na jibu. Akagonga meza kwa vidole, polepole, na nikaona kwamba hakuna pigo lililofanana na lililotangulia: kidole kilitua mahali tofauti, uzito tofauti, na lile la tatu daima lilikuwa jepesi kidogo kana kwamba mkono unavuta pumzi.

Matabaka yanaweza kufanya hivyo pia, kama utayafunga kwenye nguvu ya pigo. Tabaka la mpasuko mkali liamshwe tu pigo linapozidi 100. Chini ya hapo lilale, lisikike kiwiliwili peke yake. Ngoma ya kweli ikipigwa polepole haipungui sauti tu, inabadilika rangi. Na kama una sampuli nne za mkono mmoja, ziweke zipokezane zamu, ili haihati yako isilie kama bunduki ya rashasha. Hydrogen huweza kulipa kila tabaka mipaka yake ya nguvu, na programu kubwa zinazouzwa huja na kazi hiyo imekwisha kufanywa. Mara nyingi ni sisi tunaoiharibu kwa kusawazisha kila namba.

Mtaniuliza mwisho wa wimbo ule. Nilirudi Ndeeba, nikaondoa kiki tano. Nikabakiza mbili, moja ya besi, moja ya kichwa, na chini yake nikaweka pigo la engalabi ya mzee lililofupishwa, kwa sauti ndogo sana, mahali pa omukoonezi. Nilimlipa mzee kama ninavyomlipa mpiga gitaa, na nawaomba mfanye vivyo hivyo kwa kila mkono mtakaourekodi na kuugeuza sampuli, kwa sababu sampuli huendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya mwenyewe kupanda basi la kurudi nyumbani. Yule mwimbaji hakusema neno lolote kuhusu ngoma. Alilalamika kwamba sauti yake imefunikwa, na mara hiyo alikuwa amesema kweli; ilinibidi nishushe kiki desibeli 2.

Sasa naomba vijana wawili wanisaidie kusogeza meza hii. Baba mdogo, karibu mbele, kiti chako ni hicho hapo, na engalabi iko tayari. Maikrofoni zimewekwa mbili, juu na chini, kama zilivyokuwa siku ile. Ya chini bado sijaigeuza. Wenye kompyuta, fungueni chaneli mbili tupu, vaeni hedifoni, na kila mmoja anyooshe mkono atakapoisikia ngoma imerudi.